Kibla ya Momela

Mjini Arusha mtu akitaka kusali haulizi Kibla. Anageuka akaukabili mlima, basi. Mimi nimezaliwa Sekei, baba yangu Mmanyema fundi cherehani, na tangu nikiwa mtoto wa kukalia mkeka chuoni Mwalimu Songoro alikuwa akitupanga mstari, anatushika mabega mmoja mmoja na kutuelekeza Meru. "Mlima mbele, jua la asubuhi mkono wa kulia," alikuwa akisema. Sisi tulishika neno la mlima. Neno la jua tuliliacha palepale chuoni, maana nani ahangaike na jua wakati mlima mzima umesimama mbele ya pua yake?

Nilipoolewa na Maulidi Kaaya nikahamia Momela, ng'ambo ya mlima. Ilikuwa miaka ile ya vita vya Hitla. Maulidi alikuwa seremala kwenye shamba la ng'ombe la Mwingereza mmoja, anatengeneza mageti, mazizi na vibanda vya wafanyakazi. Waislamu tulikuwa nyumba chache, wote tumetoka mjini au tumesilimishwa mjini. Tulifyeka kiuwanja nyuma ya vibanda, tukatandika mikeka, tukasali. Tukiukabili mlima, bila shaka. Hakuna aliyeuliza kitu.

Ila mimi niliuogopa mlima ule tangu siku ya kwanza. Meru ya mjini ni mlima mzima, umekaa kama mtu mwenye adabu zake. Ukiutazama kutoka Momela unakuta umepasuka tumbo. Ukuta wake mmoja ulianguka zamani za zamani, na ndani ni weusi mtupu, na asubuhi ukungu unamwagika kutoka humo ndani ukija kwetu. Nilikuwa nikisujudu mbele ya shimo lile na kuinua kichwa haraka, nisije nikakuta limesogea. Nilimwambia mume wangu, akanicheka, akasema mwanamke wa mjini akiona ng'ombe ana pembe naye anakimbia.

Jirani yetu Efraimu, nyapara wa shamba, Mmeru wa Kilutheri, naye alikuwa na utani wake. Alisema sisi Waislamu tunausujudia mlima wa babu zake, na tofauti ni kwamba babu zake walikuwa na heshima ya kuchinja kondoo kwanza. Tulicheka wote. Laiti mmoja wetu angeacha kucheka akafikiri.

Sasa nimtaje mama mkwe wangu, maana habari hii ni yake. Aliitwa Simaloi. Alipoingia dini alipewa jina la Mwanaidi, lakini halikumshika hata kwa siku mbili. Alikuwa Mwarusha wa Kisongo, mrefu, mkali wa macho na mpole wa mikono. Alipokuwa msichana mama yake alikufa, na kwa desturi ya boma lao wakati ule maiti yule hakuzikwa. Alibebwa, akalazwa porini nje ya boma, na kulipoingia giza fisi wakaja. Simaloi aliwasikia. Alinisimulia habari hiyo mara moja tu, tukichambua mboga, na hakurudia tena.

Baadaye, akiwa mke wa mtu na anauza maziwa mjini, aliona mazishi ya Kiislamu kwa mara ya kwanza. Aliona maiti anaoshwa kwa maji ya vuguvugu kama mtoto, anavishwa nguo nyeupe, wanaume wanapokezana jeneza kila mmoja akitaka bega lake lifike. Akauliza yule maiti wamemlaza akitazama wapi. Wakamwambia anatazama nyumba ya Mungu. Siku ile hakuuza maziwa yaliyobaki. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Songoro, akasilimu, na mwanawe Maulidi pamoja naye.

Alhamdu ilimshinda mpaka mwisho. Aliikoroga kwa lafudhi ya Kimaasai mpaka ukitaka kucheka unajing'ata. Lakini mambo ya maziko aliyajua yote, kipande kwa kipande, kuliko sisi tuliozaliwa ndani ya dini.

"Mwanangu," aliniambia zaidi ya mara moja, "sala zangu Mungu mwenyewe anajua zilivyo. Lakini siku ile mnielekeze. Msinilaze ovyo."

Nilimwahidi. Nilimwahidi nikiwa nimemshika mikono.

Alikufa Alhamisi asubuhi, katikati ya msimu wa baridi, kwa kifua. Nilimwosha mimi, nikamvika sanda. Maulidi alipasua mbao za mtarakwa kwa ajili ya kufunikia mwanandani, ule uchimbo wa pembeni ndani ya kaburi anamolazwa maiti. Wanaume walichimba kwenye mteremko wa juu ya vibanda. Jioni Maulidi alirudi macho mekundu lakini kifua mbele. Alisema amemlaza kwa ubavu wa kulia, amemfunua shavu likagusa udongo, na amemwelekeza kwenye kilele cha mlima sawasawa, hakukosea hata unywele. Nilifurahi. Nilijua yule bibi amepata alichokitaka.

Tulikuwa tumempelekea habari Mwalimu Songoro kwa lori la maziwa, na Jumamosi lori lilelile likamleta kwa ajili ya hitima. Alikuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo, magoti yakilalamika. Tukampa shikamoo, tukamkaribisha chai. Akasema chai baadaye, kwanza amzuru marehemu. Tukapanda naye, wanaume mbele, mimi nyuma nikiwa na maji ya kunyunyizia kaburi. Efraimu naye alikuja, kofia mkononi, kama jirani.

Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, mlima hauonekani. Mwalimu alisimama mbele ya tuta la udongo, akaanza kuomba dua, akakatisha. Akamuuliza Maulidi kichwa kiko upande gani. Maulidi akamwonyesha. Mwalimu akalitazama tuta kutoka kichwani mpaka miguuni, akatazama juu kutafuta jua, hakuna jua. Akamgeukia Efraimu.

"Nyapara, hapa kwenu jua linachomoza upande gani?"

Efraimu akaonyesha nyuma yetu, kwenye maziwa ya Momela. Mwalimu akafumba macho.

"Mlima hapa uko magharibi," akasema. "Mmemwelekeza magharibi. Kibla ni kule."

Akanyoosha fimbo upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama, upande wa Ngare Nanyuki. Kulikuwa na miba na ukungu, basi. Hapakuwa na alama yoyote ya kumfanya mtu aelekee huko, na hilo ndilo lililonitisha. Nilihesabu kichwani sala zote nilizosali pale mbele ya shimo lile jeusi, magharibi tupu. Mtu mmoja akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu, sala zetu zimekwenda wapi. Mwalimu akasema aliyekosea bila kujua tumwachie Mungu, Yeye si wa kumvizia mja wake. Tukapumua kidogo.

Kisha akasema habari ya maiti. Alisema alivyosomeshwa yeye, maiti aliyezikwa bila kuelekezwa Kibla hufukuliwa akaelekezwa, maadamu mwili haujabadilika. Ukishabadilika aachwe hapohapo, kwani heshima ya mwili wake inatangulia, na kuusumbua mwili ulioharibika ni sawa na kumuumiza mtu aliye hai. Kwa hiyo lazima mtu aingie aangalie. Na kwa kuwa marehemu ni mwanamke, wa kuingia na kumtazama ni mwanawe.

Nilimwangalia mume wangu. Rangi ilikuwa imemtoka.

Efraimu alimvuta Maulidi pembeni, nami nikasogea nisikie, hodari wa kusogea ndimi. Alimwambia kufukua maiti bila ruhusa ya Bwana Shauri wa wilaya ni kesi, watu wamefungwa kwa hilo. Alimwambia pia kwamba watu wa vibandani hawatasema mnageuza mama, watasema mnachukua viungo vya dawa, na mtu akishasemwa mchawi huku milimani hakuna hakimu wa kumsafisha. Yeye mwenyewe leo hajaona kitu. Lakini kesho Jumapili baada ya ibada lazima apite shamba zima pamoja na Bwana mwenye shamba, kama kila Jumapili, na akikuta ardhi imeachwa wazi hatasema uongo kwa ajili ya mtu. Sikumchukia. Alikuwa na watoto na kibarua cha kulinda.

Wakaanza na kaburi jipya kabla ya kufungua la zamani, ili marehemu asikae juu ya ardhi. Safari hii walikata mteremko kwa upana, kichwa upande wa maziwa, ili uso utazame kule kwenye miba. Watu wa vibandani walikuwa wamekusanyika nje ya ua wa vibanda, kimya. Lydia, mke wa Efraimu, alinijia akaninong'oneza kwamba shimo la kaburi likishachimbwa lazima lipate mtu, na kama marehemu hatatoka kaburi la zamani, basi kwao humo hufukiwa mgomba ili lisije likamwita mwingine. Alinionea huruma, ndiyo maana aliniambia. Nilimjibu kwamba sisi hatuamini mambo hayo. Makwapa yangu yalikuwa yamelowa jasho na baridi yote ile.

Kaburi jipya likakamilika. Wakaliparua la zamani mpaka wakaufikia ukuta wa mwanandani. Mwalimu akaamuru wote wageuke, wanaume kwa wanawake. Maulidi akashuka peke yake. Tulitazama ukungu. Nilisikia udongo ukimomonyoka kidogo, kisha kimya, kisha mtu anapanda haraka haraka akihema.

"Amebadilika," akasema Maulidi. "Tumwache."

Mwalimu akasoma inna lillahi. Niliona mabega ya wanaume wote yakishuka, na yangu yalishuka pia, nisiwe mwongo. Hakuna aliyetaka kumbeba. Wakafukia kaburi la zamani mbio mbio, udongo mlegevu, na manyunyu yalikuwa yameanza. Lile jipya wakalitupia matawi ya miba juu, wakasema litafukiwa kesho asubuhi. Tukashuka bila kutazamana.

Nyumbani nilimmwagia Maulidi maji ya kunawa. Pale ndipo nilipoona kucha zake. Siku ya maziko mianya ya mbao zile ilikandikwa udongo mfinyanzi uliolowana, na mtu akibandua ubao hata mmoja lazima udongo ule umwingie kwenye kucha, mweusi, mgumu kutoka. Kucha za mume wangu zilikuwa safi. Nikamwinamia begani nikanusa kanzu. Ilikuwa inanuka mvua tu.

Nilisubiri mpaka Mwalimu amekula na kuingia kulala chumba cha watoto. Nikamuuliza mume wangu, "Baba Zena, ulifungua?"

Akageukia ukuta. Nikauliza tena, sasa kwa hasira, nikamwambia asinifanye mjinga.

"Sikufungua," akasema. "Niliweka mkono kwenye ubao nikasikia mtu anavuta pumzi. Ndani. Naapa."

Nilimwambia ilikuwa pumzi yake mwenyewe imegonga ubao ikarudi. Nilimwambia mama amekufa mikononi mwangu, nimemwosha mimi, mwili wake nimeugeuza mimi kulia na kushoto. Yote hayo nilimwambia kwa sauti ya uhakika, lakini hofu iliniingia palepale, nikaanza kulikumbuka josho lote tangu mwanzo, kama mkono ulikuwa mzito vya kutosha, kama taya lilikuwa limekaza. Maulidi alisema anajua lile shimo jipya ni lake, Lydia hakuniambia mimi peke yangu. Alisema hapandi tena kule hata akipelekwa na askari. Nilimuuliza mama yake alale vile mpaka Kiyama, basi? Akajifunika blanketi.

Hatukulala. Mvua ilikoma, na fisi walianza upande wa maziwa. Walikuwa wanasogea. Maulidi alikuwa macho, na mimi macho, na kila mmoja anajua mwenzake anasikia. Sijawahi kuogopa namna ile, si kabla wala baada. Naweza kusema hasira ndiyo iliyonisimamisha asubuhi. Nilimkasirikia Maulidi, nilijikasirikia mimi, niliukasirikia na mlima.

Watu wa shamba walipogongewa kipande cha reli waende ibadani, vibanda vikabaki vitupu, isipokuwa vya Waislamu wenzetu, nao walikuwa bado wamejifungia ndani. Mwalimu alikuwa kwenye mkeka na msahafu wake. Nilimwambia tunakwenda kufukia lile shimo, na hilo halikuwa uongo, ila halikuwa kweli yote. Nikachukua jembe na shuka nzito. Maulidi aliniangalia nikitoka. Nilipofika kwenye ua nikasikia nyayo zake nyuma yangu, na sepetu begani. Sikugeuka kumtazama, nisije nikamwaibisha akarudi.

Ukungu ulikuwa bado. Tulipofika juu tukakuta fisi wameshapita. Miba ya shimo jipya ilikuwa imeburutwa pembeni, na kwenye kaburi la mama, upande wa miguuni ambako udongo ulikuwa mlegevu, palikuwa pamekwanguliwa pakawa shimo la kutosha ndoo. Hawakuwa wamefika mbaoni. Alama za kucha zilikuwa mbichi, zimechorwa kwenye udongo uliolowa mvua.

Maulidi aliketi chini. Alikaa tu kwenye matope, sepetu mapajani, akilitazama lile shimo. Mimi nikafunga kanga kiunoni nikaanza kuchimba. Najua mwanamke haingii kaburini. Siku ile ningemwona mtu wa kunikataza ningempa jembe achimbe yeye.

Udongo ulikuwa laini, haukuchukua muda. Nilifika kwenye ukuta wa mbao, nikapiga magoti, nikaanza kubandua udongo mfinyanzi kwa vidole. Kila nikisimama kidogo nilisikiliza. Nilikuwa nimemwambia Maulidi ni pumzi yake imerudi, lakini sasa niko mimi chini na ubao mbele ya uso wangu, na nilisikia pumzi, na sikujua ni yangu au si yangu. Mbali chini watu walikuwa wanaimba kanisani. Nikasema bismillahi, nikaingiza vidole kwenye mwanya wa kichwani, nikavuta ubao.

Harufu ikanijia.

Naona aibu kusema, lakini kwanza nilishukuru. Nilishukuru kwa moyo wote, kwa sababu hakukuwa na mtu aliye hai mle ndani, hakuwahi kuwepo, hatukumzika mzima. Nililia kwa shukrani pale magotini. Kisha nikaelewa maana ya pili ya harufu ile. Alikuwa amebadilika. Pengine jana asingekuwa bado, kwa baridi ile, pengine jana mwanawe angemwinua bila tatizo. Sasa hakuna atakayejua. Sasa hukumu ni moja, arudishiwe ubao, afukiwe, aachwe. Uso wake ulitazama lile tumbo jeusi la mlima, na upande wa miguu yake fisi walikuwa wameshaijua njia.

"Vipi?" Maulidi aliuliza kutoka juu. Alikuwa amesimama, amenipa mgongo.

Nilijua nikisema kweli, kazi imekwisha. Ataruhusiwa kuogopa, na dini itakuwa upande wake, na mimi pia. Nilijua Mwalimu alisema nini kuhusu mwili ulioharibika. Nilisikia vizuri kabisa.

"Hajabadilika," nikasema. "Shuka."

Akashuka. Alifika nusu ya kaburi, pua yake ikakutana na kile kilichokutana na yangu, akasimama. Alinitazama. Nami nikamtazama, sikuinamisha macho. Nilikuwa na uso wa mwanamke ambaye ataibeba maiti ile peke yake kama hana budi, na nadhani aliuona. Midomo yake ilicheza kana kwamba anataka kuniuliza, halafu akaifunga. Akavuta ubao wa pili kwa mikono yake mwenyewe, na wa tatu.

"Mimi nitashika mabegani," akasema.

Tulipitisha shuka chini yake taratibu, taratibu mno, huku tunamwomba msamaha kwa sauti. Maulidi alikuwa akimwambia, "Samahani mama, samahani, tunafika," kama mtu anayemvusha mgonjwa mto. Sitasimulia zaidi. Hakuna kilichovunjika, hilo nalishikilia. Tulimpandisha, tukampitisha kwenye majani yaliyolowa, tukamshusha kwenye lile shimo lililokuwa likimtisha mume wangu. Aliingia humo yeye kwanza, bila kusukumwa. Alimlaza kwa ubavu wa kulia, kichwa upande wa maziwa, akamfunua shavu likagusa udongo. Nilimpa mbao, akazipanga. Uso wa mama ulikuwa umeelekea kule kusikokuwa na chochote, kwenye miba na ukungu. Maulidi alilia kwa sauti wakati anakandika udongo, na nikamwacha alie.

Tulifukia makaburi yote mawili, tukayashindilia, tukabeba mawe kutoka kijitoni tukayapanga juu ya lake ili fisi wachoke. Kuimba kulikuwa kumekoma. Efraimu alitokea na nguo zake za kanisani, ametangulia mbele ya Bwana. Alilitazama tuta la mawe lililokaa kwa upana wa mteremko. Akatazama na lile jingine. Mtu yeyote mwenye macho angeelewa.

"Naona mmefukia shimo," akasema.

"Tumefukia," nikamjibu.

Akavaa kofia yake, akashuka kumpokea Bwana, na nikamsikia akimwonyesha kwa mkono mazizi ya upande mwingine.

Mwalimu Songoro alikuwa mlangoni tuliporudi, ameegemea fimbo. Nilikuwa nimepanga la kumwambia njia nzima. Maulidi hakuniacha nifungue mdomo.

"Mwalimu," akasema, "jana nilisema uongo. Sikufungua ubao, niliogopa. Leo tumefungua. Mama alikuwa hajabadilika. Tumemwelekeza Kibla."

Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwake. Niliona pua ya mzee ikisinyaa, na akarudi nyuma kidogo mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Aliitazama kanzu ya Maulidi, akazitazama kanga zangu, akanitazama mimi usoni kwa muda mrefu. Alikuwa amejua. Neno lake moja tu lingetosha kutufanya watu waliomuumiza maiti kwa makusudi, na neno hilo lingetufuata mpaka mjini na mpaka kwa watoto wetu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nendeni mkaoge. Na nguo hizo msizifue. Zichomeni."

Tulizichoma nyuma ya zizi, kanzu yake na kanga zangu, yeye ndani akiisoma hitima kwa sauti. Maulidi alisimama karibu nami mpaka zikaisha. Nami sikumuuliza kwa nini aliubeba uongo wangu. Siku ya hesabu nitaulizwa habari ile, na ninaogopa, sikatai. Lakini mtu wa kwanza nitakayemtafuta kwa macho siku hiyo ni Bi Simaloi, nione anatazama wapi.